Miaka Thelathini na Mitano ya Lalla Ghalia, Mwenye Paa la Dar Luiza

Leo Ijumaa, tarehe 31 Mei 2024, baada ya kuitumikia nyumba hii kwa miaka thelathini na mitano na miezi miwili, Lalla Ghalia Serghini anakabidhi funguo za Dar Luiza na kustaafu. Aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni mimi Allal, mpishi, si kwa sababu najua kuandika, bali kwa sababu wenzangu wote walijua kukataa. Mwenye nyumba, Si Thami Lahlou (huku kwetu "Si" ni Bwana, kama "Lalla" ilivyo Bibi), aliomba uwe mfupi na wa heshima. Upande wa heshima nimejitahidi.

Niseme mapema jambo lililotunyima raha tangu Machi, siku aliyotangaza kuwa magoti yake yamechoka. Lalla Ghalia hana nyumba. Miaka yote hii amelala chumba kidogo kilicho juu ya jiko, na anayestaafu hukiacha chumba hicho kwa anayeingia. Mpwa wake Bouchta, kijana mwema asiye na neno, alikuwa amemtengea chumba kwake Kenitra, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo majirani hawajuani hata kwa sura. Kila tulipomuuliza, Lalla Ghalia alisema Alhamdulillah, kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu. Hakutaka kwenda, na hakuwa na pengine pa kwenda. Sote tulijua, na hakuna aliyethubutu kusema.

Tuanze na utumishi wake. Aliingia katika nyumba hii Aprili 1989, akitokea vijiji vya huko Sefrou, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, kumsaidia marehemu mama yake Si Thami. Wakati huo palikuwa nyumba ya familia tu, kama nyingine za mji mkongwe wa Fes: mlango mdogo kichochoroni, na ndani ua mpana, kisima na mchungwa. Mama alipofariki na ndugu kutawanyika, Si Thami akaamua kupokea wageni. Hiyo ni 1999. Alimwajiri meneja mwenye shahada na tai. Meneja alidumu hadi mvua ya kwanza. Ua wetu hauna paa, mvua ikinyesha inanyesha ndani, naye alikimbizana na ndoo huku wageni wakimtazama kutoka roshani. Lalla Ghalia akakunja mazulia, akazibua mfereji wa katikati ya ua, akawapandishia wageni supu ya harira wakaketi kuitazama mvua ikiupiga mchungwa. Jioni hiyo meneja aliaga. Toka siku hiyo msimamizi wa Dar Luiza ni mmoja.

Wageni hutuuliza kwa nini vyumba vyetu saba havifanani. Hatujui, tuliikuta nyumba hivyo. Ngazi zina vipandio arobaini na kimoja na hakuna viwili vilivyolingana kimo. Chumba tunachokiita Zaatari kina mlango uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mfupi sana, na kila mgeni hugonga kichwa siku ya kwanza. Lalla Ghalia hakukubali mlango huo uguswe. Alisema mtu akishagonga kichwa mara moja huingia chumbani kwa adabu. Kobe wetu wa uani, ambaye umri wake haujui mtu, aliwahi kumuuma bibi mmoja wa Ubelgiji kidole cha mguu kilichopakwa rangi nyekundu, akidhani ni tunda. Bibi alipiga kelele zikasikika hadi kwa mfinyanzi wa mtaa wa pili. Lalla Ghalia akampangusa kidole, akamwambia kwa Kiarabu chake kilekile cha Sefrou, "Usilie binti yangu, amekupenda. Mimi miaka kumi hajanigusa." Yule bibi hajui Kiarabu hata neno, lakini alicheka, na amerudi kwetu mara nne.

Na kuhusu wageni kupotea! Mji wetu haumwonei huruma mgeni. Simu zao huwaonyesha njia ya kupita katikati ya ukuta. Nyumba nyingine huwapa kadi zenye jina la nyumba. Lalla Ghalia hajui kusoma wala kuandika, lakini ndiye aliyeniamuru niandike kwenye kadi zetu jina la tanuri la mtaa, tanuri la Ba Jelloul, tunakopeleka unga wetu uliokandwa kila asubuhi.

"Dar Luiza anaijua nani?" aliniambia. "Hata paka haijui. Lakini mwulize yeyote tanuri liko wapi."

Basi mgeni aliyepotea huelekezwa tanurini, na Ba Jelloul humrudisha pamoja na mbao za mkate. Hata leo nikisikia mlango unagongwa saa sita mchana, sauti yake ni ileile: "Mikate kumi na miwili na profesa mmoja! Pokeeni kabla havijapoa!"

Lakini wasifu wa Lalla Ghalia bila paa ni kuskusi bila mchuzi, na hapo inabidi nijitaje, kwa aibu.

Mimi si mtu wa Fes. Nimetoka Settat, kwenye mashamba ya ngano, ambako paa ni kitu cha kuzuia jua na mwanamume hupanda akitaka. Fes, paa ni la wanawake. Kuanzia alasiri hadi magharibi, mabibi wa mtaa wako juu: wanaanika nguo, wanakausha nyanya, wanachana nywele, wanasemana. Ukuta kati ya paa na paa haufiki kifuani. Mwanamume mwenye shughuli huko, awe fundi wa antena au wa tangi la maji, sharti apige hodi tangu ngazi ya kwanza, na mwanamke atangulie juu kuwaambia majirani wajisitiri. Mtoto wa miaka mitano wa Fes anajua hilo. Mimi nilikuwa na thelathini na minne na sikujua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Ilikuwa mwaka 2013, mwezi wangu wa pili kazini. Maji yalikatika jikoni, nikapanda kulitazama tangi. Sikupiga hodi. Nikatokea juu kama jini, na upande wa pili wa ukuta jirani yetu Hajja Tamou na binti za dada yake walikuwa wanafua sufu za magodoro, sketi zimekunjwa magotini, vichwa wazi. Loo! Kilichofuata nakikumbuka kwa pua zaidi kuliko kwa macho, maana nilimwagiwa ndoo nzima ya maji ya sufu ya kondoo. Nilinuka zizi siku tatu.

Hajja Tamou hakuishia kwenye ndoo. Siku ya pili punda wakaanza kuingia kichochoroni na matofali. Aliapa atainua ukuta wake mita tatu, atuzibie jua, upepo na milima yote. Paa ndilo linaloleta wageni hapa. Bila paa, Dar Luiza ni shimo lenye mchungwa. Si Thami alinipa hadi Jumamosi nifungashe, na haki alikuwa nayo. Nilikuwa na mke mwenye mimba ya miezi saba, na maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Lalla Ghalia alipanda juu alasiri ile na sinia la chai, akaketi kando ya ukuta, upande wetu. Nilikaa chini ya ngazi nikasikiliza.

"Hajja, yule mjinga hana kosa," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia nimeshapiga hodi, kumbe nilisahau. Lawama ni yangu."

"Wewe?" Hajja alisema. "Wewe Ghalia usahau hodi? Umeanza kuota pembe?"

"Uzee, dada."

"Una miaka hamsini! Uzee gani?"

"Basi ujinga. Kunywa chai."

"Hiyo chai? Hiyo ni maji ya kuoshea vyombo."

"Onja kwanza."

Hakunituma popote. Jamani, mwanamke yule alijipaka tope mbele ya mtaa mzima kwa ajili ya mtu aliyemjua majuma saba. Nililia pale chini ya ngazi, na kwa kuwa bado nilinuka kondoo, hakuna aliyenikaribia kunibembeleza.

Siku tatu alipanda na sinia. Siku ya nne matofali yakauzwa kwa jirani mwingine, mimi nikaachwa kazini, na ahadi ikafungwa kati ya wanawake wawili, bila karatasi. Kuanzia alasiri hadi magharibi, mwanamume yeyote, mgeni au mtumishi, haweki mguu paani Dar Luiza. Wageni wanawake ruhusa, Lalla Ghalia akiwepo. Si Thami alishika kichwa.

"Lalla, saa hiyo ndiyo ya machweo! Wageni wanakuja kwa machweo!"

"Jua linatua kila siku, Si Thami," akamjibu. "Subira ya jirani ikitua, haichomozi tena."

Kilichotokea hatukukitarajia. Wanawake walipanda, wakapewa mbegu za kukaanga na hina, wakafundishwa kukamua nguo na kusengenya bila lugha, wakashuka macho yakiwaka. Waume zao walibaki uani na mimi wakila maandazi na kuuliza kila dakika juu kuna nini. Mwalimu mmoja wa Lyon alijaribu kunihonga kwa chupa ya marashi. Sasa wapo wageni wanaotuandikia kutoka mbali kuuliza kama "saa ya paa" bado ipo, kabla hata ya kuuliza bei. Hilo ndilo fanikio kubwa la Lalla Ghalia, naye hajawahi kulitaja.

Na urafiki ulianzia hapo. Hajja Tamou ni mjane, watoto wake wote wako ng'ambo, anaishi na vyumba vyake. Kwa paa, kati yake na Lalla Ghalia ni hatua moja. Kwa milango ni mwendo wa robo saa, kwa kuwa nyumba yake inafungukia kichochoro kingine kabisa. Kwa hiyo miaka kumi na moja walikutana ukutani, kila alasiri, chai katikati, matusi ya kirafiki pande zote mbili. Sisi jikoni tulijua saa kwa kuwasikiliza.

Sasa nirudi Machi. Baada ya Lalla Ghalia kutangaza kustaafu, alianza kugawa vitu vyake. Chungu chake cha kuskusi akampa Kaoutar, anayemrithi kazi. Mitandio ikaenda kwa mabinti wa mtaa. Mwanzoni mwa Mei akafumua godoro lake na kuipandisha sufu juu kuifua, isafiri safi. Hajja akamsaidia kutoka upande wake wa ukuta. Nilisikiliza toka jikoni kama kawaida yangu. Hawakusema kitu. Niliwasikia wakipiga sufu kwa fimbo, pa, pa, pa, alasiri nzima, na hakuna aliyemtusi mwenzake. Moyo uliniuma. Nikajua hawa wawili wataachana hivihivi, kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze.

Lalla Ghalia, yanayofuata unayasikia leo kwa mara ya kwanza. Kaa hapo hapo.

Ijumaa ya tarehe 17 nilichukua sahani ya kuskusi, kama tunavyompelekea Hajja kila Ijumaa, ila safari hii niliibeba mwenyewe, kwa milango. Hajja akafungua kidogo, akaniona.

"Wewe? Umekuja kuangalia tangi?"

"Hapana, Hajja. Nimekuletea chakula, na habari usije ukaisikia kwa watu."

"Sema, kinapoa."

"Lalla Ghalia akishaondoka, ahadi ya paa inaondoka naye. Si Thami anasema ilikuwa ya watu wawili. Mmoja akiwa Kenitra, basi tena. Ameagiza viti ishirini na miavuli. Wanaume watakaa juu kutwa."

Ulikuwa uongo mtupu, wallahi. Si Thami hakuagiza hata stuli.

Hajja alininyang'anya sahani. "Viti ishirini! Juu ya kichwa changu! Na huyo Ghalia amekubali?"

"Atafanyaje? Atakuwa Kenitra."

"Nani kasema anakwenda Kenitra?"

"Mpwa wake, Hajja. Hana pengine."

Akanifungia mlango usoni.

Alasiri ile uani palikuwa na wageni wanane, na Si Thami, na Kaoutar, na kobe. Sauti ya Hajja ilishuka kutoka juu mpaka wageni wakaweka vikombe chini.

"We Ghalia! Kenitra unakwenda kutazama nini, lifti?"

"Nitakaa wapi, Hajja? Juu ya kamba ya nguo?"

"Nina vyumba vitano vitupu! Namwekea nani, panya?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza!"

"Mimi niombe chumba? Kwa mdomo upi?"

"Kwa huo huo unaonitukania chai yangu! Chumba cha chini, karibu na kisima, hakina ngazi. Magoti yako yatapumzika na mimi nitapata mtu wa kugombana naye bila kupiga kelele mtaa mzima usikie!"

Kisha tukasikia mtu analia huko juu. Mgeni mmoja aliniuliza kwa ishara kama kuna aliyekufa. Nikamwambia hapana, kinyume chake. Lalla Ghalia alishuka vipandio vyote arobaini na kimoja polepole, uso umelowa, akapita mbele yetu kama asiyetuona.

"Yule mwanamke ana wazimu," alisema. "Allal, nipigie Bouchta. Kwa upole, asije akadhani nimemkataa."

Nilipiga. Bouchta akasema, "Namshukuru Mungu. Nilikuwa nikiwaza mchana kutwa angezungumza na nani." Naye leo tunaye hapa, amekuja na mke wake na keki kubwa kuliko meza.

Jumatatu nilikwenda kwa Hajja kuchukua sahani na kutubu. Nilisimama mlangoni nikamweleza yote: hakuna viti, hakuna miavuli, Si Thami hajui lolote, Kaoutar ataishika ahadi ileile ya paa, nimedanganya mwanzo hadi mwisho. Nilingoja ndoo.

"Nilijua," Hajja akasema. "Thami hajabadilisha balbu ya ngazi tangu mfungo wa mwaka jana, ndiyo anunue viti ishirini?"

"Sasa mbona ulipanda juu na ukali vile?"

Akanipa sahani, imeoshwa.

"Miezi miwili nilitafuta pa kuanzia," alisema. "Kumwambia mtu usiniache, mwanangu, ulimi wangu haujawahi. Kugomba naweza."

Ruhusa ya kuyasoma haya ameitoa Hajja mwenyewe, kwa sharti kwamba umri wake usitajwe. Hautajwi.

Lalla Ghalia, kwa niaba ya Si Thami, Kaoutar, Ba Jelloul na wote waliopitia mikononi mwako ndani ya miaka hii thelathini na mitano, tunakushukuru. Mimi nakushukuru kwa lile jambo unalolijua. Binti yangu, aliyezaliwa miezi miwili baada ya sufu ile, anaitwa Ghalia, na leo ndiye aliyekumiminia maji ya kunawa. Safari njema hatukutakii, maana huendi popote. Maisha yako yawe mema na marefu, na Mwenyezi Mungu amzidishie Hajja sauti.